Nilimpa Mama vidonge ili alale, sasa kaka anamtafuta mchawi

(Barua hii imefupishwa, na mambo machache yamebadilishwa ili aliyeiandika asitambulike.)

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina watoto wawili, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nimeachika mwaka wa nne huu. Nimepanga kwenye moja ya milima ya mawe hapa Mwanza, na kuifikia nyumba yangu unapanda ngazi za mawe zaidi ya arobaini. Mwaka jana mwezi wa kumi kaka zangu waliniletea Mama kutoka Ukerewe. Ana miaka 73. Ana presha, ana kisukari, na usiku miguu inamuwaka kama amekanyaga makaa. Ilikubaliwa akae kwangu kwa sababu mimi ni binti na hapa hospitali ziko karibu. Wao wangechangia. Kaka mkubwa yuko Nansio, anayemfuata yuko Geita machimboni.

Kliniki walimwandikia atenololi ya presha, glibenklamidi ya sukari, na amitriptilini moja usiku kwa ajili ya miguu. Akawa anaendelea vizuri tu.

Mwezi wa kwanza akaanza kuamka saa nane za usiku. Anafungua mlango anatoka. Mara ya kwanza nilimkuta kwenye ngazi ameshika ndoo, ananiambia anakwenda ziwani kuteka maji. Mara ya pili aliteleza akaumia goti. Mama, mimi saa kumi alfajiri lazima niwe nimeondoka, nisipowahi mzigo watoto hawali. Nikawa silali. Naweka kitanda mlangoni, na nikisikia hata panya naruka.

Ndipo nikakumbuka vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, Piriton, jinsi vinavyonilegeza nikivimeza. Nikanunua duka la dawa. Nikampa kimoja, nikamwambia ni cha kliniki. Akalala hadi asubuhi, na mimi nikalala. Baada ya wiki mbili kimoja kikawa hakitoshi, nikampa viwili. Mwishoni vilifika vitatu kila usiku.

Akaanza kufunga choo. Tumbo likawa linamsokota, na shemeji yangu alipokuja kumsalimia akamnunulia dawa ya msokoto, hayosini, akasema yeye inamsaidia sana. Siku nne baadaye Mama alibadilika kabisa. Midomo ilimkauka mpaka ikapasuka, macho yakawa meusi, mboni zimejaa. Alikuwa anaongea na marehemu baba, anachuna nyuzi za blanketi, anasema nyumba imejaa watoto. Mkojo hautoki, na tumbo la chini limekuwa gumu kama ngoma. Tulimshusha zile ngazi kwa kiti, vijana wanne.

Hospitali walimwekea mpira, ikatoka zaidi ya lita moja. Daktari akaniuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote anatumia?" Kaka mkubwa alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema hakuna. Ile ya tumbo sikuitaja pia, niliogopa nikianza na moja nitamaliza na zote.

Daktari akasema huenda ni dawa ya miguu, akaisimamisha. Siku ya nne Mama alipata akili, akaniita jina langu, akaomba uji. Siku moja kabla, yaani siku ya tatu, kaka alikuwa amemlipa mganga huko kwetu, kuku amechinjwa. Kwa hiyo kwa kaka jibu ni moja: mganga ndiye aliyemponya. Na mganga amesema mkono unatoka upande wa baba, mwanamke mzee, anakaa karibu na maji. Kila mtu anajua ni nani. Ni Shangazi. Shangazi yangu ana miaka themanini, amebanika samaki tangu ujana na macho yake ni mekundu kwa moshi. Kaka ameitisha kikao cha ukoo Nansio mwisho wa mwezi. Pia anataka Mama aache dawa zote za hospitali, anasema ndizo zilizomfungulia adui njia.

Sasa Mama yuko nyumbani. Miguu inamuwaka tena, analia usiku, na ameanza kuamka. Vile vidonge vimebaki sita kwenye kopo langu la hela. Sijampa. Lakini juzi nilifungua lile kopo nikavishika.

Ndugu wananisifu, wanasema nimemtunza Mama. Kila wakisema nasikia kama wananichapa. Kaka wa Geita peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza, "Na wewe unalala saa ngapi?" Niseme? Nikisema watamchukua Mama, na sijui kama watanisamehe. Nisiposema, itakuwaje?

Mchuuzi wa dagaa, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikaisoma tena usiku, na asubuhi nilikuwa bado nakuwaza ukiwa na lile kopo mkononi. Ulilifunga. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma haya, maana katika kurasa zako zote umejihesabia makosa na hilo hukulihesabu.

Unaniuliza useme au usiseme. Nitafika huko. Lakini kwanza nataka tuangalie kilichotokea ndani ya mwili wa Mama, kwa sababu unaandika kama mtu aliyempa mzazi wake sumu, kaka yako anazungumza kama mtu aliyeona uchawi, na nyote wawili mnahangaika na jambo ambalo lina maelezo. Nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kuishika safu hii, na mzee mkavu wa midomo anayechuna blanketi si mgeni kwangu.

Kuna kazi za mwili ambazo hatuziamrishi. Hakuna anayeuambia moyo upige, mate yatoke, au kibofu kijikaze wakati wa kukojoa. Ipo mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe kwa kazi hizo, nayo ina pande mbili, kama mtumbwi wenye wapiga kasia kushoto na kulia. Upande mmoja unakurupusha: ukishtuka, moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka, tumbo linasimamisha kazi. Upande wa pili unatuliza: unapunguza mbio za moyo, unaleta mate na machozi, unasukuma choo, unafungua mkojo. Mtumbwi unakwenda sawa kwa sababu wote wanapiga.

Upande huu wa kutuliza hutuma ujumbe wake kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi, akiwa Graz, Austria, alichukua maji yaliyozunguka moyo wa chura uliopunguzwa mwendo kwa kusisimuliwa mshipa wake, akayamimina kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo. Ndipo ikajulikana kwamba mishipa inazungumza kwa kemikali. Na ujumbe unaosafiri kwa kemikali, kidonge kinaweza kuuziba.

Vile vya njano, ambavyo jina lake halisi ni klorofeniramini, vimetengenezwa kwa ajili ya mafua na mwasho. Lakini pembeni ya kazi hiyo vinaziba pia asetilikolini, na vinapenya mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana vinalegeza, vinakausha mdomo, na kwa mzee vinaweza kuvuruga akili. Na sasa nisikilize vizuri: amitriptilini ya miguu inaziba mlango huo huo. Hayosini ya shemeji yako nayo, hasa kwenye matumbo na kibofu, mlango ni huo huo. Vilikuwa vidonge vya aina tatu kutoka mikono mitatu, na vyote viliwafunga mikono wapiga kasia wa upande mmoja. Choo kilifunga kwa sababu hiyo, tumbo likasokota kwa kufunga choo, ikaletwa dawa ya msokoto iliyokaza zaidi, na mwisho kibofu kikashindwa kujisukuma. Zile mboni zilizojaa, midomo iliyopasuka, watoto ambao hakuna mwingine aliyewaona, vyote ni picha moja.

Wewe umekulia nchi ya pamba, kwa hiyo pengine umewahi kuona au kusikia mtu aliyelewa dawa ya kupulizia mashamba. Zipo zinazofanya asetilikolini ijae mwilini kupita kiasi: mate yanamtiririka, machozi, jasho, mkojo unamtoka, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hospitali humchoma atropini, ambayo inaziba asetilikolini, mpaka akauke. Mama yako alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa kama mtu aliyepewa dawa ya kukausha bila kuwa na kilicholowa.

Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu unasema "mimi". Ndiyo, vitatu kila usiku ni vingi kwa mama wa miaka 73, na ulimwambia ni vya kliniki ilhali sivyo. Sitalifuta hilo, na hata nikilifuta hutaniamini. Lakini hukuwa peke yako kwenye mtumbwi ule. Huko Marekani, tangu mwaka 1991, kuna orodha inayowasaidia madaktari kujua dawa zisizowafaa wazee, na leo dawa za kundi la hiyo ya njano zimo humo pamoja na amitriptilini yenyewe. Wewe ni mchuuzi wa dagaa uliyekuwa hulali. Muuzaji wa duka hakukuuliza unamnunulia nani.

Kuna mambo mengine ambayo sina hakika kama uliyapima. Siku ambazo Mama alikuwa hali, uliendelea kumpa glibenklamidi? Dawa hiyo inashusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na sukari ikishuka akili inayumba. Kwa kawaida mtu angetetemeka na moyo ungempiga mbio, mkashtuka. Lakini atenololi inaituliza mikono ya wapiga kasia wa upande ule mwingine, ule wa kukurupusha, kwa hiyo dalili hizo hufichika. Hubaki jasho. Tena mkojo ukituama huweza kuleta maambukizi, na kwa wazee maambukizi peke yake yanatosha kuleta maweweseko. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema daktari ndiye anayeweza kupanga haya, na kwa sasa anapanga akiwa na nusu ya vidonge mbele yake.

Na ule usiku wa ndoo. Umeandika kwamba alikuwa anatanga. Je, ikiwa alikuwa anaamka kukojoa? Sukari ikipanda, mkojo huwa mwingi usiku. Mtu ameishi kisiwani miaka sabini, anaamka gizani kwenye nyumba asiyoizoea, kibofu kimejaa, miguu inawaka: anashika ndoo, anaelekea kwenye maji. Muulize mwenyewe sasa akili imerudi. Jibu lake linaweza kubadilisha usiku wenu kuliko kidonge chochote. Pengine kinachohitajika ni ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, taa ndogo, na mjukuu wa kulala chumba kimoja naye.

Kuhusu kaka anayetaka dawa zote ziachwe, hapa nakuomba usikubali kimyakimya. Atenololi haiachwi kwa mara moja. Moyo uliozoea kutulizwa huwa mwepesi mno kushtuka pale kizuizi kinapoondolewa ghafla; mapigo na presha vinaweza kupanda kwa nguvu, na mwenye moyo dhaifu anaweza kupata maumivu makali ya kifua au zaidi ya hapo. Kama inabidi kuondolewa, daktari huipunguza taratibu. Lakini usimwone kaka mjinga. Aliona mama yake akizungumza na wafu, kisha akaona kuku anachinjwa na kesho yake Mama anaomba uji. Hajui kwamba kuanzia alipolazwa hakuna aliyempa kile cha njano wala ile ya msokoto, na ile ya miguu ilisimamishwa. Klorofeniramini hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa mzee hukawia zaidi, kwa hiyo siku ya tatu au ya nne ndiyo hasa mtu angetarajia akili ianze kurudi. Kaka anahesabu siku zile zile unazohesabu wewe. Tofauti ni kwamba wewe una habari ambayo yeye hana.

Basi tuje kwenye kusema.

Unaweza kukaa kimya, ukavitupa vile sita, usirudie tena. Naelewa kwa nini njia hiyo inakuvuta. Lakini iangalie bei yake. Faili la Mama linasema dawa ya miguu ndiyo mbaya, na Mama analia usiku kwa miguu. Huenda daktari, akijua yote, angeona dozi ndogo inafaa, au angemtafutia dawa nyingine isiyopitia mlango ule. Na siku Mama akipata mafua, mtu mwingine mwenye nia njema atamnunulia vile vile vya njano.

Unaweza kuanza na daktari, peke yako, kaka akiwa hayupo. Kwa wengi hili huwa jepesi kuliko la familia. Unaweza hata kumwomba awaeleze kaka zako kwamba zilikuwa dawa zaidi ya moja zilizogongana, bila kukutaja kama mshitakiwa. Hatari yake ni kwamba kaka akija kujua baadaye kwamba ulisema hospitali ukamficha yeye, vidonda vinakuwa viwili. Na daktari naye ni mtu, anaweza kukujibu kwa ukali siku hiyo. Ukali wake hauondoi faida ya yeye kujua.

Unaweza kuanza na Mama. Mwili ni wake, na alidanganywa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Wasiwasi wangu hapa ni tofauti: akina mama wa umri wake husamehe upesi mno. Atakwambia "nyamaza mwanangu, yamekwisha", na wewe utakuwa umepata ruhusa ya kunyamaza ambayo hukuwa unaitafuta.

Na kipo kikao. Kusema mbele ya ukoo mzima ukiwa umesimama peke yako ni mzigo mkubwa, na sidhani kama lazima ubebwe hivyo. Yule kaka wa Geita aliyekuuliza unalala saa ngapi, namwona kama mtu anayeweza kusikia kabla ya kuhukumu. Ukimwambia yeye kwanza, kuna mtu atakayekaa upande wako siku hiyo. Unaogopa watamchukua Mama. Huenda wakatishia. Ila jiulize ni nani kati yao amelala naye hata usiku mmoja tangu mwezi wa kumi, na kama siku watakayojua ukweli haitakuwa pia siku ya kwanza watakayojua kazi ya kumlea ilivyokuwa. Ulichoka mpaka ukafanya hivi. Hilo nalo ni habari ambayo kaka zako hawana.

Sasa Shangazi. Nimelichelewesha kwa sababu ndilo linalonikosesha amani. Wewe na mimi tunaijua kanda hii. Tunajua bibi mwenye macho mekundu ya moshi anapoanza kutajwa kwenye vikao, nini kimewahi kufuata, na usiku wa aina gani. Hayo mengine yote, kidonda chako na kaka zako, yanaweza kusubiri uandae maneno. Hili lina tarehe. Sikwambii kwa kinywa cha nani ukweli ufike Nansio, unaweza kuwa wako, wa kaka wa Geita, au wa daktari. Lakini kama kikao kitakaa kabla ya mtu yeyote kusema, basi ukimya wako utakuwa umekaa kwenye kikao kile pia, na bibi wa miaka themanini hana jinsi ya kujitetea dhidi ya kidonge asichokijua. Hata kama hujawa tayari kusema lako, mwenyekiti wa kijiji anaweza kujulishwa leo kwamba kuna mzee anayetajwa vibaya na anahitaji kuangaliwa. Hilo halihitaji ueleze kopo lako.

Kwa wiki hii, haya ya mikono. Chukua mfuko, weka kila boksi na kila kidonge kilichomo nyumbani, hata vile sita, hata hayosini. Mpeleke Mama kliniki mapema kuliko tarehe mliyopewa, na uliza dirisha la wazee. Waombe wampime presha akiwa amejilaza, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, basi anaposimama damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Amitriptilini inaweza kuleta hilo, na kisukari cha muda mrefu nacho huichosha mishipa ile ile inayojiendesha, kwa hiyo lile anguko la ngazini huenda halikuwa utelezi tu. Mpaka hapo, asinyanyuke kitandani kwa mara moja: akae ukingoni, achezeshe miguu, ndipo asimame akishika kitu. Na mkojo ukikaa tangu asubuhi hadi jioni bila kutoka, usisubiri kesho, mshushe ngazi.

Ukiona vigumu kumtamkia daktari, andika. Umeniandikia mimi kurasa nne bila kuficha kitu. Ukurasa mmoja kwake unatosha. Majina ya dawa, vingapi, tangu lini.

Niandikie tena baada ya kliniki. Nataka kujua Mama alijibu nini kuhusu ile ndoo, na wewe ulilala saa ngapi.